Jina Langu la Mtandaoni Lilitoka Mwambani

Juzi binti yangu alikuwa kajilaza mkekani na simu, anafungua akaunti, na kila jina alilojaribu lilimrudia. Princesa, indisponível. Princesa Linda, indisponível. Wenzake duniani wameshayachukua yote. "Mama, wewe lako ulilipataje bila hata namba moja mbele?" aliniuliza kwa hasira. Nilicheka, ndugu yangu, mpaka mchuzi ukaungua. Mimi nami niliwahi kukataliwa jina, tena na watu, si na mashine.

Kwetu Tungue, kijiji cha pwani, nilipokuwa mdogo, msichana hakuingia kwenye ngoma ya harusi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alijichagulia jina la ngoma, akasimama katikati na kujitapa nalo mbele ya kina mama. Wakilikubali waliliimba, na tangu hapo ukawa mchezaji. Wakilikataa, ngoma zilinyamaza, nawe ukarudi kukaa na watoto. Mwaka ule mama yangu mdogo alikuwa anaolewa. Nilitaka kumchezea kuliko nilivyotaka kula, na nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima.

Basi nikajiita Rainha, yaani malkia. Nililiokota kwenye novela, kwa jirani aliyekuwa na televisheni na jenereta. Siku ya mazoezi nikaingia na leso mpya, uso mweupe kwa msiro wa kujipaka, nikajitapa kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ngoma kimya. Mwimbishaji, mama mmoja mnene wa mtaa wa pili, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Rainha wa wapi, mwanangu? Umefanya nini weye?"

Nikageuka nikatoka. Nililia njia nzima.

Bibi hakunibembeleza. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na wala hakuinua kichwa. "Mke mwenzangu, jina la kuazima halikai mwilini. Kesho bamvua, twende mwambani."

Kesho yake maji yalitoka mbali sana. Kina mama walijifunga leso viunoni, wakatawanyika mawe yote kuchokoa pweza, harufu ya mwani imejaa puani, vicheko huku na huku. Kulikuwa na shimo moja walilolipita wote, maana ndimo mkunga, yule samaki mrefu mwenye meno, alimomng'ata mwimbishaji. Mimi sikulipita. Nilipiga magoti, nikaingiza kijiti taratibu kama Bibi alivyonifundisha. Kijiti kikavutwa, nami nikavuta. Pweza alitoka kanizunguka mkono mpaka kiwikoni, na mimi napiga kelele sijui za hofu au za furaha.

"Haogopi shimo huyu!" akasema mwimbishaji, mikono kiunoni.

Kwenye mazoezi niliingia tena. "Mimi Haogopi Shimo!" Mwimbishaji ndiye aliyeanza kuliimba. Wenzake wakapokea, ngoma zikalia, na siku ya harusi nilicheza mpaka nyayo zikachubuka. Sijapata kuheshimiwa vile tena, hata siku niliyopewa cheti cha ualimu.

Siku hizi harusi ni spika, na msichana hucheza bila kuulizwa kafanya nini. Sikufichi, inaniuma. Wengi wa wale kina mama walikimbia vita vilipofika kwetu, wengine wako makaburini, Bibi mmoja wao. Mimi mwenyewe nilikimbilia Pemba, mji wa kwetu huku bara, si kile kisiwa, na huko ndiko nilikofungua akaunti. Niliandika haogopishimo, likapita mara moja. Dunia nzima hakuna aliyekuwa nalo.

Haukupita muda mrefu, ujumbe ukaingia kutoka Mtwara. Mwimbishaji yu hai, anaishi kwa mjukuu wake, na kila siku alikuwa anamsumbua mjukuu huyo awatafute watu wa Tungue. Jina langu la kuzaliwa hakuwahi kulijua. Alilijua lile moja tu, na kwalo akanipata.

"Bibi anauliza," mjukuu aliandika, "ni wewe kweli, na uko hai?"

Nikamjibu: ni mimi, na niko hai.