Kiwanja Nilichochagua Newala

Mashamba makubwa ya karanga kule Nachingwea yalipoanza kupunguza watu, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Nilirudi Lisekese, nje kidogo ya Masasi, nikiwa na baiskeli, koti la mvua na tabia ya kujiona nimeiona dunia. Mke wangu alinipokea uani, binti yetu akiwa mgongoni mwake. Nyuma ya nyumba nikakuta mitungi minne imefunikwa majani ya mgomba, na harufu niliyoijua tangu utoto wangu kwa mjomba, kijijini Lupaso: asali inayochachuka.

"Hiyo ndiyo iliyotulisha ulipokuwa huko," akaniambia.

Alikuwa amefundishwa na mke wa mjomba wangu, lakini kwa kweli alikuwa amempita mwalimu wake. Mjomba alikuwa na mizinga mingi ya magome porini, na asali aliyorina alimletea mke wangu pamoja na masega yake. Yeye aliyakamua kwa mikono katika maji ya vuguvugu, akaacha vipande vya masega vyenye chavua ndani ya mtungi viwe chachu, kisha akaifunika mitungi na kuiweka karibu na moto mdogo. Kila asubuhi aliinama akatega sikio mdomoni mwa mtungi. "Huu bado unanung'unika," alikuwa akisema, au, "Huu umenyamaza, umeiva." Hakuwahi kukosea. Pombe yake ilikuwa safi, ya rangi ya chai nyepesi, na watu waliiulizia mpaka Masasi mjini.

Tatizo lilikuwa baba yangu. Alikuwa mwalimu wa kanisa, mjukuu wa watu waliobatizwa na wamisionari wa mwanzo, na nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya kwenda kanisani. Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja akasimama uani na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nilimletea kiti, hakukaa. "Mwanangu, watu wanatoka kwangu wanakuja kwako. Nyimbo wanazoanza kwangu wanazimalizia kwako."

Nikageuka kuitazama mitungi.

"Sikukatazi kula," akasema. "Nakuomba tu uende mbali nami."

Angegomba, ningegomba pia. Lakini aliongea kwa sauti ya chini, na alipoondoka nilimwona akitembea polepole kuliko nilivyomzoea. Usiku ule ule nilikata shauri kwamba tutahama, na kwamba nikihama nitaifanya pombe ile iwe kazi kamili, yenye jengo lake, mabenchi yake na kibali chake.

Mke wangu alitaka Lupaso. Alizieleza sababu zake siku ya pili huku akipepeta mtama: mizinga iko kule, kisima kiko karibu, mtoto atakuwa na bibi wa kumtazama.

"Lupaso kila nyumba inajua kutengeneza pombe yake," nikamwambia. "Nani atanunua?"

"Watakuja. Mtu hufuata pombe nzuri hata ikiwa mbali."

Nilicheka. Nilikuwa nimeona Nachingwea, nimeona matrekta na kantini za wafanyakazi, nikajua kwamba biashara inakwenda walipo watu, haikai ikangoja watu. Niliwaza pia Ndanda, kwa sababu ya barabara kuu na watu wa hospitali, lakini huko nako tungekuwa chini ya mlango wa misheni. Basi nikapanda kwenda Newala kuangalia.

Nilisukuma baiskeli mlima mzima. Juu, upepo ulikuwa baridi na mwepesi, na siku ile ilikuwa siku ya soko. Nikaona wakulima wa korosho wenye fedha mifukoni, makarani wa Boma, madereva wa malori, vibarua waliotoka pwani. Wote walikuwa na kiu, na pombe iliyokuwapo ilikuwa ya mtama tu, nzito kama uji. Nikasimama pale sokoni kama mtu aliyeokota kitu. Kumbe nilikuwa sijatazama upande mwingine, upande wa ukingo wa mlima, ambako wanawake walikuwa wakitokeza mmoja mmoja na mitungi vichwani, nguo zimelowa jasho.

Mjomba wa mke wangu alikuwa mwenyeji wa pale. Alikuwa Mwislamu mtu mzima ambaye hakuonja pombe maisha yake yote, wala sikumsikia hata mara moja akimsema anayekunywa. Kwa desturi ya watu wa kule juu mlimani, yeye ndiye aliyekuwa na neno juu ya mpwa wake kuliko hata baba aliyemzaa. Nilipomwomba kiwanja hakuuliza cha nini. Aliuliza, "Mwenyewe anataka kurudi huku?"

"Anataka," nikasema.

Sikuwa nimemuuliza.

Niliporudi Lisekese nikamweleza, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unajua mimi nimezaliwa pale. Tangu nikiwa na miaka sita nilishuka na mama bondeni kufuata maji na kupanda nayo. Siku ulipokuja kuniposa, mama hakufurahia baiskeli yako wala ukoo wako. Alifurahi kwamba kwenu kisima kiko nyuma ya nyumba."

"Serikali inaleta mabomba," nikamjibu. "Watu wanapima. Miaka miwili, mitatu, maji yatafika mlangoni."

Hakuna aliyeniahidi hayo. Nilisikia watu wakizungumza sokoni, basi. Bomba lilikuja kweli juu ya uwanda ule, lakini baadaye, wakati sisi hatupo tena, na halikupita karibu na kiwanja chetu.

Mke wangu alinyamaza. Nikauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali, kwa sababu ulinifaa.

Tulihama na binti yetu, akawa analelewa nyumbani kwa mjomba wa mama yake, tukajenga banda la miti na udongo, tukaezeka kwa nyasi, tukapata kibali Boma. Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda kama nilivyosema, na nilikuwa sichoki kumkumbusha. Watu walijaa. Karani mmoja alikuja na marafiki zake kutoka Lindi waonje. Lakini kila kitu kilichofanya pombe ile iwe pombe kilikuwa chini, nasi tulikuwa juu. Asali ilipanda kwa lori kutoka Masasi. Kuni zilikuwa za kununua. Na ilipofika miezi ya baridi, ukungu uliingia mpaka ndani ya banda, mitungi ikalala kabla ya kuiva. Mke wangu alitega sikio asubuhi, akanitazama, akatikisa kichwa. Ilibidi tuongeze moto, na moto ukizidi pombe inaharibika, hivyo alikaa kando yake akiulea kama mgonjwa.

Lakini baridi ilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa maji. Mtungi mmoja wa pombe ulidai maji mengi kuliko nyumba nzima ilivyotumia kwa siku kadhaa. Alfajiri mke wangu alishuka bondeni na wanawake wenzake, kwa njia nyembamba iliyochongwa na nyayo ukutani mwa mlima, na jua lilipokuwa limepanda ndipo aliporudi. Kisha alishuka tena. Tulijaribu kuwalipa wanawake wengine watuletee, lakini nao walikuwa na nyumba zao, na wakati wa kiangazi hakuna aliyekuwa na maji ya kumpa mtu.

Alipopata mimba nilimwambia apumzike.

"Nani atayaleta maji?" akauliza.

Siku moja nilifunga madebe mawili kwenye baiskeli nikashuka mwenyewe. Mwanamume hakuteka maji pale. Bondeni wanawake walinipisha kwenye foleni kwa adabu iliyonichoma kuliko matusi, na nilipofika juu, nikisukuma baiskeli, wanywaji wangu waliokaa kivulini walipiga makofi. Mmoja akaniita mwali. Nilicheka nao. Kesho yake sikwenda, na wala sikwenda tena.

Mke wangu aliamka alfajiri kama kawaida. Alichukua mtungi akatoka.

Aliteleza msimu wa korosho, mimba ikiwa ya miezi saba, sokoni watu wamefurika kuliko siku zote. Chemchemi ilikuwa imepungua na wanawake walikuwa wamengoja bondeni kwa muda mrefu, kwa hiyo alipanda juani. Wenzake walisema hakupiga kelele. Walisikia mtungi ukipasuka tu. Walimpandisha kwa machela ya kanga na miti miwili. Nilipotoka bandani nilimwona mjomba wake tayari anazungumza na dereva wa lori, anamwomba awapeleke hospitali ya Ndanda.

Hapa ndipo kila nikikumbuka nasimama. Lori lilikuwa na nafasi. Mjomba wake alipanda nyuma, akampakata kichwa mapajani mwake, akanitazama mimi niliyekuwa chini nimeshika ubao wa lori. Ndani ya banda kulikuwa na mitungi miwili iliyoiva asubuhi ile, na pombe ya asali ikiiva haingoji; siku mbili tu inakuwa siki. Niliwaza jasho lake lote lililokuwamo ndani ya mitungi ile. Naapa ndivyo nilivyojiambia, kwamba ni kwa ajili yake.

"Tangulieni," nikasema. "Nakuja kesho."

Mjomba alinyoosha mkono. Akagonga paa la lori, likaondoka.

Niliuza mitungi ile yote miwili. Kesho yake sikupata gari. Siku ya tatu ndipo nilipofika Ndanda, nikamkuta mjomba amekaa nje kwenye ngazi, viatu amevivua na kuvipanga kando yake.

"Shikamoo, mjomba."

Aliitikia, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema, "Alikuwa wa kiume. Tumeshamzika."

Niliuliza kama alilia alipozaliwa. Akasema hapana.

Mke wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Muuguzi aliniletea kigoda, nikakaa. Nilimwambia pole. Nilimwambia tutapata mwingine. Nilimwambia maneno mengi, mpaka nikaanza kumweleza kwamba mitungi yote miwili imekwisha, kana kwamba ilikuwa habari ya kumfariji. Hapo ndipo alipogeuka.

"Sitapanda tena," akasema. "Wewe panda. Mimi sipandi."

Nilidhani ni uchungu, utapungua. Nikarudi Newala peke yangu, nikajaribu kuendelea. Nilifanya yote niliyomwona akiyafanya: maji ya vuguvugu, masega, moto mdogo. Nilitega sikio kwenye mitungi na sikusikia kitu, au nilisikia na sikuelewa. Pombe ilitoka na harufu ya moshi na ladha ya siki. Wanywaji walikuja kwa huruma wiki moja, kisha wakapotea. Yule aliyeniita mwali hakupita tena hata kunisalimu.

Kabla ya mvua kukolea, mjomba wa mke wangu alikuja bandani. Alikataa kuingia kwa sababu ya pombe, tukazungumza mlangoni.

"Mpwa wangu yuko Lupaso na binti yenu, kwa mke wa mjomba wako. Ndiko alikoomba niwapeleke. Amesema hataki ndoa tena."

"Mjomba, nilikosea."

"Nilikuuliza kama anataka kurudi huku. Ukaniambia anataka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umemuuliza?"

Nikainamisha kichwa. Alikuwa na haki yote ya kunitukana, lakini hakunitukana. Alisema banda ninaweza kuchukua miti yake, ila ardhi anairudisha kwa ukoo. Kisha akaniaga vizuri na kwenda zake. Nililivunja banda lile mwenyewe kwa siku mbili. Sikuchukua hata mti mmoja.

Nilishuka nikarudi Lisekese. Baba yangu hakuniambia kwamba alijua tangu mwanzo mambo yataishia hivyo. Aliniombea, akanipa jembe, nikalima mihogo na karanga kama watu wengine. Habari za Lupaso zilinifikia kwa njia ya wapita njia: kwamba mke wangu anachechemea kidogo mguu wa kushoto, kwamba anatengeneza pombe ya asali uani kwa mjomba wangu, mitungi miwili tu kwa wakati mmoja, na kwamba watu wanatoka Masasi kwa miguu kuifuata.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata moyo wa kwenda. Nilimchukulia binti yetu kitambaa cha gauni. Mtoto alinitambua, akanisalimu shikamoo kama alivyofundishwa, akakimbia na kitambaa chake. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, beseni la masega mbele yake, mikono imejaa asali mpaka kwenye viwiko.

"Karibu," akasema, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote.

Tulizungumza habari za mvua, za baba yangu, za mguu wake. Sikumwomba arudi. Nilikuwa nimekuja na maneno hayo lakini nilipomwona ametulia vile nikaona sina haki ya kuyatoa. Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua kuliko hilo, na nilikuwa sijamtamkia mtu.

"Nataka kukuuliza," nikasema. "Alikuwaje? Mtoto."

Mikono yake ilisimama. Nilidhani atanifukuza. Akatazama kule alikokimbilia binti yetu.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Walinipa nimshike kidogo. Vidole vyake vilikuwa virefu. Na hapa," akagusa kidevu chake kwa nyuma ya kiganja, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na asali, "hapa alikuwa na kishimo kidogo, kama cha baba yako."

Nikamshukuru. Alilisogeza beseni likawa katikati yetu, nikakunja mikono ya shati, nikanawa, tukakamua masega pamoja bila kuzungumza mpaka yakaisha.