Simu Iliyomkataa Mkwe Wangu

Mimi si mtu wa kushikwa na haya kirahisi. Nimegombana na watu wengi hapa Mkwaja, mara nyingine nikiwa na haki, mara nyingine sina, na wote nasalimiana nao. Lakini siku ya ndoa ya binti yangu niliaibika, na hadi leo nikisikia simu inalia uso unapata moto.

Mguu wangu ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Niliteleza kisimani nikavunjika ugoko, na daktari akanikataza safari. Ndoa ilikuwa Mabawa, nyumbani kwa mdogo wangu, na barabara yetu wakati wa mvua hata mtu mzima wa afya anafika kiuno kimemlegea. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, nipe mimi uwakili leo hii, yaishe." Wapi! Nikasema binti ni wangu, nitamruhusu sheikh amuozeshe kwa sauti yangu mwenyewe, saa ileile, mashahidi wanisikie kwenye simu. Basi ndoa nzima ikawa inaingojea simu yangu.

Na simu yenyewe ilikuwa mpya. Ile ya zamani nilikaa nayo miaka. Ilikuwa nzito, jamani! Ukiigusa, unamaliza kukohoa kabla haijafunguka. Lakini tulijuana. Simu ikiingia, kidude cha kijani kiko kushoto, unakivuta, unasema haloo. Kijana wangu anayeishi Dar es Salaam akaona naiaibisha familia, akaniletea hii siku moja kabla ya ndoa, akiwa njiani kwenda Mabawa. "Baba, hii ina kasi, hutasubiri tena," akaniambia. Akanionyesha inavyofungua picha, inavyofungua video, pap, pap. Kasi ilikuwa nayo kweli. Kupokea simu hakunionyesha, nami sikuuliza. Nani anafundishwa kupokea simu?

Kuna jambo jingine lazima nilitaje. Huyo mkwe mwanzoni sikumfurahia. Mpemba, muuza karafuu, mtu wa swala zake, hana baya. Kosa lake ni kwamba atamvusha mwanangu kwenda kwao. Nililalamika barazani, nikalalamika kitandani, nikalalamika hadi mbele ya washenga, mpaka mke wangu akanifinya. Mwisho nikaridhika kwa moyo safi, wallahi.

Siku ilipofika, baada ya alasiri, nikakaa kibarazani na kanzu yangu na kofia, peke yangu, mguu juu ya kigoda. Simu ikalia. Jina la mdogo wangu. Nikapeleka kidole kushoto, nikavuta. "Haloo! Sheikh, asalaam aleikum!" Kimya. Nilikuwa nasalimia hewa. Nilikuwa nimeikata.

Ikalia tena. Kidole kikaenda kulekule, maana kidole hakisomi rangi, kinakwenda kilikozoea. Ikakatika tena. Na kasi yake sasa! Ile ya zamani ingejiumauma kwanza, ningeiona nyekundu, ningewahi kuondoa mkono. Hii ilimaliza kazi kabla sijajua nimefanya nini. Kijani walikuwa wamekihamishia kulia, na kushoto wameweka nyekundu. Kwa faida ya nani, sijui. Ilipolia mara nyingine nikavaa miwani, nikaikwepa ile nyekundu, kidole kikapanda juu. Yakatokea maneno yaliyoandikwa tayari. Nikayagusa ili yaondoke. Yakaondoka kweli, yakaenda kwa mdogo wangu: "Siwezi kuongea sasa."

Lahaula! Baadaye nilielezwa kwamba aliusoma ujumbe ule kwa sauti, akidhani una udhuru ndani yake. Baba wa bwana harusi akainuka mkekani kutafuta viatu vyake.

Simu haikulia tena. Nikajaribu kupiga mimi. Nikafungua picha, nikawasha tochi, nikaanza kujirekodi sura yangu mwenyewe inavyotokwa jasho. Nikamwita jirani kwa kelele, mama mmoja wa Kisambaa, Mlutheri, aliyekuja huku zamani na mumewe kwa kazi ya mkonge. Akatoka na kisimu chake cha vitufe, betri imebanwa kwa mpira. Namba niliyoijua kwa kichwa ni ya mke wangu tu. Nikaibonyeza. Kitufe cha kijani kilikuwa palepale kinapokaa siku zote.

Mke wangu akapokea. Nyuma yake kuna mtu analia, na kilio kile nakijua tangu uchanga wake.

"Bwana," akasema kwa sauti ya chini, "kama ulikuwa hutaki, si ungesema tukiwa nyumbani?"

"Ni simu, mama watoto! Wallahi ni simu! Mpe sheikh!"

Akaniapisha tena kabla ya kumpa. Kiapo kile kiliniuma kuliko mguu.

Nikampa sheikh uwakili wa kumuozesha, mashahidi wakasikia, nikayarudia maneno bila kuombwa. Baba wa bwana harusi akavua viatu tena, ndoa ikafungwa. Jirani yangu akapiga vigelegele peke yake pale uani, nami nikalia mbele yake bila kujificha.

Kijana wangu aliposikia, akasema simu haina tatizo, ni kuzoea tu. Kuzoea! Mimi nilikuwa nimeshazoea. Mtu ahamishe mlango wa nyumba yangu nikiwa nimelala, halafu anisifie kwamba huu mpya unafunguka haraka? Nilimjibu maneno mengi siku ile, mengine siyarudii hapa.

Kabla ya kuvuka kwenda Pemba, maharusi walikuja kuniaga. Mkwe akanipa shikamoo, akanisogezea kiti kivulini, mpole hadi nikatamani anitukane. Nikamweleza binti yangu habari ya kijani na nyekundu, nikamwonyesha na kidole kilivyokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, baba," akasema. "Lakini siku ile tulikuwa watu wengi, mama yupo, baba mdogo yupo, na mimi nipo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema labda ni simu."

Nikaanza kutafuta miwani yangu. Nilikuwa nimeivaa.