Kasyoka na Kazi ya Kungoja King'ora

Saa moja asubuhi, Kasyoka Mwangangi yuko kazini. Ameketi mlangoni pa chumba chake cha kupanga mjini Kitui, anachambua kunde, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kazi yenyewe ni kusikiliza.

Kiwanda cha pamba kilicho nyuma ya soko kikipata mzigo, king'ora hulia. Vibarua hukimbilia langoni, nyapara huchagua sura anazozijua, lango likafungwa. Kisipolia, hakuna kazi wala mshahara. Wiki hii ya Oktoba 1987 kimelia mara moja tu.

"Wiki nzuri ni siku mbili," anasema mama huyu wa watoto wanne. "Shilingi ishirini na tano kwa siku. Lakini kungoja ni kila siku, na hakuna anayekulipa kwa kungoja."

Mwezi jana alipita bwana mmoja wa serikali, akiuliza nyumba kwa nyumba nani ana kazi na nani hana. Kasyoka akamwambia yuko kiwandani, mwaka wa tisa sasa. Bwana yule akampongeza, akaenda zake.

"Eti nina bahati!" Kasyoka anacheka, lakini hicho si kicheko cha furaha. "Angeniuliza jana nimekula nini."

Shamba analo, kule Kwa Vonza, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mbegu anazo pia, mahindi na kunde, amezihifadhi kwenye kiondo, kikapu chake cha mkonge, na watoto wamekatazwa kuzigusa hata njaa ikiuma vipi. Huku Ukambani mbegu hutangulia mvua ardhini. Ukichelewa wiki moja, umewapandia ng'ombe majani. Na mawingu yameshaanza kukusanyika.

Basi si aende tu akapande? Thubutu! Mwaka juzi alienda. King'ora kikalia akiwa shambani, mwingine akashika nafasi yake kwenye mashine, na msimu mzima nyapara akajifanya hamjui. Mwaka jana akaogopa, akabaki mjini, akapanda mvua ikiwa imekwisha kunyesha mara mbili. Alivuna debe moja.

"Ile mara ya kwanza nilitaka kuitika jina lake langoni," anasema jirani yake Tumu, ambaye pia ni kibarua pale. "Wakanifukuza! Wanataka uso, hawataki jina. Wallahi watu hawa wametufunga kamba, na kamba yenyewe huioni."

Nyapara hakutaka kutajwa gazetini. "Hatumlazimishi mtu," alisema, huku akijichokoa meno. "Asiyetaka kungoja asingoje." Yeye hulipwa kwa mwezi, king'ora kilie kisilie.

Alhamisi Kasyoka anaamua. Anamwachia Tumu watoto, anatia kiondo mgongoni, jembe begani, anashika njia. Mwandishi wa makala haya anamsindikiza. Wanapoliacha duka la mwisho la mji, anaonyesha kwa kidole kijito kilicho chini ya mteremko.

"Nikivuka pale, hata kikilia sisikii," anasema. "Nikivuka pale, kijana yangu, mimi ni mkulima."

Hajafika nusu ya mteremko, king'ora kinalia.

Anasimama. Anatazama mawingu, anatazama mji. "Ngai! Leo kweli? Leo?" Machozi yanamlengalenga, na haoni haya. Kisha anageuka na kuanza kukimbia, jembe likimgonga begani, mbegu zikirukaruka kiondoni.

Analiwahi lango. Nyapara anamwona, anamwingiza. Mzigo wenyewe ni lori moja tu. Saa saba mchana mashine zinazimwa, na vibarua wanapewa ujira wa nusu siku.

Jioni hiyo mvua ya kwanza inanyesha Kwa Vonza. Watu waliotoka huko wanashuka stendi wameloa chapachapa, wanacheka, wanapongezana kama siku ya harusi. Mmoja anamwita Kasyoka kwa mbali: "Mama Nthenya! Ulipanda?"

Kasyoka anashika njia ya nyumbani. Anaingia chumbani, anavua kitambaa cha kichwa, anabandua pamba iliyokigandia kule mashineni. Anaiviringisha kwa vidole mpaka apate vidonge viwili, anaviweka kiondoni, juu ya mbegu.

"Kesho naondoka alfajiri," anasema. "Hivi nitazibia masikio mpaka nivuke kile kijito."