Goti Langu na Kisu cha Mzee Damiani

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa nimelazwa hospitalini Nyakahanga, paja limevunjika, nikampa mgongo mtu aliyekuja kunitazama na chakula mkononi. Mwanangu, sijivunii jambo hilo. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye nguvu na mdomo mkali, na pikipiki ilikuwa imeniangusha kwenye utelezi nikitoka kanisani.

Mgeni mwenyewe alikuwa mzee Damiani, jirani yangu kule Nyakakika. Nilipolazwa, yeye kwa wema wake aliingia kwenye kibanja changu, shamba langu la migomba, kupunguza majani. Alitumia kisu alichotoka nacho shambani kwake, ambako ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeshaingia, na hakukipitisha kwenye moto. Bwana shamba alikuwa ametuonya sote kwamba kisu kisichopitishwa motoni hubeba ugonjwa. Sote tulisikia, na sote tuliona ni maneno ya watu wa ofisini, hata mimi. Basi migomba yangu ikageuka njano, ikakatwa yote na kufukiwa. Ni migomba aliyoipanda marehemu mume wangu kwa mikono yake, na mimi sikuwa na kingine cha kumkumbukia.

Damiani alikuja mwenyewe kuniambia. Alileta matoke kwenye jani, bado ya moto. Sikumpa hata shikamoo.

"Bora ungeniua mimi, ukaiacha migomba," nikamwambia, kisha nikageuza uso ukutani.

Aliweka chakula, akaondoka. Hakurudi tena.

Paja lilipounga, goti lilikuwa limekakamaa kwa kulala, na aliyenifanyisha mazoezi alikuwa mama mmoja kutoka Sri Lanka, jina lake Kumari, mfuasi wa Budha, mwenye Kiswahili cha kuokoteza na mikono isiyojua huruma. Kila akilikunja goti langu nilipiga mayowe mpaka wagonjwa wenzangu wakaniombea. Siku moja akasimama akanitazama.

"Mama, leo umelia kabla sijakugusa."

Ilikuwa kweli, nikaona aibu. Akaniambia nifumbe macho, nifuate pumzi ikiingia na kutoka, halafu niyaangalie maumivu yenyewe: yanaanzia wapi, yanachoma au yanavuta, yanakaa au yanapita. Nisiyafukuze. Nikamwambia mimi ni Mlutheri, sibadili dini kwa ajili ya goti. Akacheka.

"Kwani pumzi ina dini? Vuta."

Nikavuta. Maumivu hayakuondoka, na asikudanganye mtu kwamba huwa yanaondoka. Lakini niliona yanapanda, yanashuka, yanapumzika kidogo. Kisichopumzika kilikuwa kile nilichokiongeza mwenyewe: kwa nini mimi, nitakuwa kilema, Damiani amenimaliza. Goti liliniuma robo saa tu. Damiani aliniuma mchana kutwa.

Kumari aliliona hilo. Akanifundisha kumaliza pumzi zangu kwa kutakia heri: kwanza mimi mwenyewe, kisha ninayempenda, kisha aliyeniumiza. Niwe na amani. Awe na amani. Kwa Damiani ulimi uligoma kabisa. Nikasema mimi si mnafiki. Akasema sawa, tutajaribu kesho. Zikapita kesho nyingi, mwanangu. Halafu siku moja nililisema lile neno, na pale pale nikaukumbuka uso wake siku ile akishika matoke. Alikuwa analia. Niliyaona machozi yake kwa macho yangu na sikuyajali. Nililia na mimi, na safari hii si kwa sababu ya goti.

Niliporuhusiwa, na magongo yangu, nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwa Damiani kwanza. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekonda.

"Shikamoo, mzee. Nimekusamehe. Na wewe nisamehe huu mdomo wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umenisamehe, mimi nimeshindwa kujisamehe. Kisu sijakishika tena tangu siku ile."

Nikampa alichonifundisha Kumari. Nikaketi, nikamwambia afumbe macho, avute pumzi, ajitakie amani. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, tumeinama, macho tumefumba, kama wafiwa. Mkewe alipotoka akauliza nani amekufa.

"Hiyo ya kwangu niiruke," Damiani akanong'ona. "Nikutakie wewe tu."

"Huiruki, mzee. Ndiyo ya kwanza."

Akaisema, kwa sauti iliyokwaruza, machozi yakimtiririka. Mvua zilizofuata alikuja kunisaidia kupanda maharage pale palipokuwa na migomba. Ardhi ilipopona tukapanda miche safi, naye akawa anapitisha kisu motoni kwa kila mgomba hadi nikachoka kumtazama.

Mwanangu, mwili utakuuma, na utapoteza unachokipenda. Hayo yaangalie yalivyo, usiyaongezee. Kusamehe si kusema kosa halikuwa kosa. Damiani alikosea, na anajua nilimwambia. Wala si kazi ya siku moja; mpaka leo nikiona jani la njano hasira hunipanda, nami naanza tena na pumzi. Na ukiwa wewe ndiye uliyekosea, usijiruke. Nenda ukaombe radhi, urekebishe unachoweza, kisha ujitakie amani kama unavyomtakia mwenzako.

Mungu akupe nafuu ya mwili na moyo mwepesi, na akujalie kulala bila mtu wa kugombana naye kichwani.