Kopo Kwenye Shamba la Karoti

Wifi yangu anafanya kazi ya kupokea wageni Arusha, na kila akija Lushoto kwa sikukuu huja na jambo jipya. Idd ile alikuja na mchezo. Siku ya pili asubuhi, pilau la jana bado liko kwenye sufuria, akaniambia nivae viatu vya kutembea.

"Tunakwenda wapi?"

"Kutafuta makopo," akasema, akanionyesha simu.

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba kuna watu wanaoficha vikopo porini na mijini, hata chini ya madaraja, kisha wanaonyesha mahali vilipo kwenye ramani ya simu ili wengine wakavitafute. Ukikipata unaandika jina kwenye karatasi iliyomo, unakirudisha palepale, basi. Hakuna zawadi. Nikamuuliza faida yake nini.

"Wifi, wewe unaangalia mpira kila Jumamosi. Faida yake nini?"

Kwenye vijia vya upande wa Irente mtu alikuwa ameficha vikopo kadhaa, kila kimoja mahali penye habari ya mchezo fulani. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nimeolewa hapa muda mrefu, nashona sare za michezo za shule, na niliamini hakuna kiwanja nisichokijua.

Cha kwanza tulikikuta chini ya mkaratusi, kando ya uwanja wa mpira ulioinama, ule ambao timu inayoanzia juu humaliza kazi yake kipindi cha kwanza. Cha pili kilikuwa kwenye njia ambayo wanafunzi hukimbilia mbio ndefu. Simu ilisema tutafute mahali mkimbiaji anapokata tamaa. Nikapajua mara moja: kona ya mwisho kabla ya kilele, penye jiwe ambalo hata mimi hulikalia. Kopo lilikuwa nyuma ya jiwe hilo. Kumbe nimelikalia mara ngapi bila kujua? Kuanzia hapo mimi ndiye niliyeongoza, wifi akawa ananifuata nyuma akihema.

Cha tatu kilitushusha bondeni, kwenye matuta yaliyopandwa karoti. Maelezo yalikuwa mafupi: simama chini ya pete. Tulizunguka tukiangalia. Palikuwa na karoti, mfereji wa maji, nyumba ya bati na mpasheni uliopanda juu ya nguzo. Wifi akainua mguu aingie shambani.

"Simama hapohapo."

Aliyesema alikuwa mama mtu mzima, mrefu, ameshika jembe. Tukampa shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini macho hayakutoka kwenye miguu yetu.

"Msikanyage huko. Kuna kitu kibaya."

Akanigeukia kwa Kishambaa, akaniuliza mimi ni wa nyumba gani. Nilipomtajia ukoo wa mume wangu akalegea kidogo, akatueleza. Mvua zilizopita alikuta kopo limefungwa kwenye nguzo yake, limeviringishwa utepe mweusi kwa ustadi. Mtu mwema hawezi kufunga kitu hivyo. Alilisogeza kwa ncha ya jembe mpaka ukingoni mwa mfereji, akaliwekea jiwe juu, akawaonya majirani wote.

Wifi akaanza kucheka, nikamfinya. Nikamwambia yule mama, "Mama, kopo hilo ni la mchezo. Turuhusu tulifungue mbele yako."

Alikaa mbali huku mimi nikifungua. Ndani mlikuwa na penseli, karatasi iliyokunjwa na picha ndogo ya wasichana waliovaa sketi, wamesimama chini ya nguzo yenye pete. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akaja karibu, akaweka kidole juu ya msichana mrefu wa mwisho.

"Huyu ni mimi."

Hapo ndipo tulipotazama juu. Katikati ya majani ya mpasheni, kwenye ncha ya nguzo, pete ya chuma ilikuwa bado imeshika, imepinda upande mmoja. Shamba lile lilikuwa kiwanja cha netiboli kabla familia yake haijalirudisha kwenye kilimo. Walicheza hapo na wachuma chai kutoka Mponde, akasema, na yeye ndiye aliyekuwa mfungaji.

"Picha hii alikuwa nayo mtu mmoja tu," akaendelea. "Mwalimu wetu wa michezo. Alihamishwa, hakurudi tena." Akauliza polepole, "Kama alifika mpaka hapa kwenye nguzo, kwa nini hakupiga hodi?"

Wifi akamwambia atamwandikia aliyelificha kopo kupitia simu. Mama akakubali, akamtajia namba yake ya kupigiwa. Tulipokuwa tunarudisha kopo kwenye nguzo akatuita tena.

"Lakini msiwaambie watu hapa kwamba ni mchezo."

"Kwa nini, mama?"

"Tangu nilipowaonya, hakuna anayekatiza shambani kwangu. Hata mbuzi zao wanazishika vizuri. Hizi ndizo karoti bora kuliko zote nilizowahi kuvuna."

Nikamwahidi. Mpaka leo majirani wakinisimulia habari za shamba lile natikisa kichwa na kuwaachia waendelee.

Jibu lilikuja wifi akiwa amesharudi Arusha, naye akanisomea kwenye simu. Mwalimu alikuwa amestaafu, anaishi Morogoro. Siku aliyokuja alipiga hodi, akakuta mlango umefungwa, na mpita njia akamwambia wenye nyumba walihamia Tanga. Akafunga kopo lake pale kwa kuwa hakujua aiache picha wapi. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Mama alikuwa Lushoto mjini anauza kabichi, na waliohamia Tanga walikuwa majirani wa nyumba ya juu.

Nilishuka bondeni kumpelekea mama habari, nikachelewa. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo kando ya mfereji, simu sikioni, akibishana na mtu kwa sauti ya juu kuhusu goli moja la zamani, kama liliingia au liligonga pete. Aliniashiria kwa mkono nichume karoti wakati nasubiri.