Ukurasa wa Tisa wa Ripoti Yangu

Nilipomaliza stashahada ya ustawi wa jamii nilikuwa na miaka thelathini, na binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mama alialika majirani wetu wa mtaa wa Gongoni, wakala wakashiba, akawaambia kwamba sasa shule imekwisha nyumbani kwake, zamu iliyobaki ni ya mjukuu. Nami niliamini hivyo hivyo.

Kazi ya kuajiriwa haikupatikana. Nikaenda kujitolea katika ofisi ya ustawi wa jamii ambako nilikuwa nimefanya mazoezi ya vitendo nikiwa chuoni. Aliyekuwa akinisimamia ni mama mmoja mtu mzima, mfupi, mkali kidogo, anayevaa sweta hata mwezi wa kumi tunapookwa na jua. Ofisini tulikuwa wawili tu na makabati manne ya majalada. Kwa karibu miaka mitatu nilifanya kila alichonituma: kusuluhisha wanandoa, kupeleka wazee kliniki, kutembelea watoto wanaolelewa na bibi zao.

Nikaanza kuona kwamba kuna mahali elimu yangu inaishia. Siku moja alikuja baba anayetaka kumchukua mwanawe kutoka kwa mama wa kambo aliyeachana naye, nikamsikiliza saa nzima, halafu nikabaki sijui nianzie wapi. Nilikuwa nakisia. Kukisia kwenye maisha ya mtu mwingine kunachosha kuliko kubeba maji. Basi niliposikia kwamba chuo kikuu kimoja hapa hapa mjini kinapokea wenye stashahada kwa shahada ya ustawi wa jamii, nikachukua fomu. Matokeo yangu yalitosha. Kilichobaki kilikuwa barua ya mtu aliyenisimamia kazini, na muda wa kuomba ulikuwa unafungwa baada ya wiki mbili.

Nilimfuata yule mama asubuhi, kabla watu hawajajaa kwenye benchi la nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza. Hakushangaa. Akafungua droo, akatoa kitabu chenye jalada la plastiki nililolitambua mara moja. Ilikuwa ripoti yangu ya mazoezi ya vitendo, ile niliyoiandika mwaka wa mwisho wa stashahada.

"Nimeikuta juzi nikipanga makabati," alisema. "Mwakani nastaafu, sitaki kumwachia mtu vurugu. Fungua ukurasa wa tisa, unisomee."

Nikasoma. Ilikuwa habari ya bibi mmoja wa Kwihara aliyekuwa akilea wajukuu wawili wa kike baada ya mama yao kufariki. Niliandika: "Mlezi hana ushirikiano. Aliondoka katikati ya mahojiano bila sababu. Inapendekezwa watoto watafutiwe malezi mbadala." Kwa maneno mengine, waondolewe kwa bibi yao, wapewe watu wengine.

"Bila sababu," alirudia. "Uliuliza?"

"Aliondoka, mama. Alinyanyuka tu akaenda."

"Nimeuliza kama uliuliza."

Sikuwa nimeuliza.

"Mimi sikuipeleka mbele," alisema. "Niliona mwanafunzi ameandika haraka haraka. Nikasema nitakwenda mwenyewe kutazama. Sikwenda. Hilo ni kosa langu, silikatai. Lakini hii ni kazi yako. Nenda Kwihara, urudie ukurasa wa tisa. Ukiuleta nitakuandikia barua."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijiambia kwamba ananikomoa, kwamba mtu aliyejitolea miaka karibu mitatu bila mshahara hastahili kupewa adhabu ya mwanafunzi. Nilikaa siku mbili ofisini bila kwenda Kwihara. Siku ya tatu nilikwenda kwa sababu moja tu, niliitaka ile barua.

Kwihara si mbali na mjini. Pikipiki iliniacha njia panda, pale wageni wanaokuja kutazama tembe la kale hukata kona, nikaendelea kwa miguu upande wa mashamba. Nyumba ya bibi niliikumbuka kwa mlango wake wa bati la bluu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amenipa mgongo, anabangua karanga.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

Kimya. Mikono yake iliendelea na karanga. Nikarudia, kwa ile sauti tuliyofundishwa chuoni, ya chini na ya upole, ili mteja asijione anatishwa. Kimya tena. Moyoni nikasema, si unaona, hana ushirikiano.

Mama mmoja akatoka nyumba ya pili. Alikuwa mke wa mtoto wa dada yake bibi, nilivyokuja kujua. Alizunguka mpaka mbele ya bibi ili aonekane, akamgusa bega, akainama kwenye sikio lake la kulia na kumwambia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ambayo ningeisikia hata ningekuwa barabarani, kwamba kuna mgeni.

Bibi akageuka. Akanitazama usoni.

"Wewe ndiye yule wa kunong'ona," alisema.

Nikakaa chini ukingoni mwa mkeka bila kukaribishwa.

"Bibi hasikii?" nikamuuliza yule mama.

"Hasikii tangu zamani. La kushoto limekufa kabisa. Hili la kulia mpaka upige kelele. Hapendi watu wajue."

Nikamwomba amuulize kwa niaba yangu kwa nini siku ile aliondoka. Bibi alipolipata swali, alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, akiendelea kubangua.

"Ulikuja na karatasi. Ukakaa pale, ukawa unachezesha midomo. Nilisikia neno moja tu, 'watoto.' Mtu akija na karatasi, ananong'ona habari za watoto, anataka nini? Nikaenda shuleni nikawatoa. Kesho yake tukapanda treni mpaka Bukene kwa dada yangu. Tukakaa wiki tatu, mpaka nilipoambiwa hakuna aliyekuja tena."

"Yule mkubwa alikosa mitihani ya muhula," yule mama aliongeza. "Na mvua zilikuwa zimeanza. Bibi hakupanda mahindi mwaka ule, tukala naye ya kwetu."

Hayo yote yalitokea mimi nikiwa mjini, nimekaa maktaba ya chuo, napiga mistari chini ya vichwa vya habari ili ripoti ipendeze. Nilipata alama nzuri kwa ripoti ile.

Nilitaka kuomba radhi. Nikafungua mdomo, maneno yakatoka kama nilivyozoea, ya chini, na bibi akanitazama midomo bila kuelewa. Ikabidi nisogee kwenye sikio la kulia. Kuomba radhi kwa sauti ndogo ni rahisi, unaweza kumeza nusu ya maneno. Pale ilinilazimu nipige kelele: "Bibi, nilikukosea. Niliandika vibaya juu yako. Naomba unisamehe." Kuku walitawanyika. Watu wawili waliokuwa wakipita na majembe walisimama.

"Nimesikia," bibi alisema.

Hakusema kama amenisamehe. Akausogeza ungo wa karanga katikati yetu, nami nikaanza kubangua. Tulibangua mpaka wasichana waliporudi kutoka shule, sare zao safi, viatu wamevivua na kuvishika mkononi visichakae. Mdogo alimwendea bibi moja kwa moja, akamsemea sikioni mambo ya shule, bibi akacheka. Nikatoa daftari, nikaandika hilo kwanza.

Nilirudi mara mbili tena wiki ile. Ukurasa wa tisa ukawa kurasa tatu na nusu. Niliandika kwamba mlezi hasikii vizuri na kwamba mahojiano ya kwanza yalifanywa bila kulibaini hilo. Niliandika nani anawapikia watoto, nani anawaamsha, nani alikwenda shuleni kumsemea mkubwa alipokosa mitihani. Sentensi ya malezi mbadala niliifuta, nikapendekeza jambo moja: bibi apelekwe kupimwa masikio.

Mwanzoni alikataa. Alisema ameshazoea, na kwamba mengi yanayosemwa siku hizi hayana faida kuyasikia. Wajukuu ndio waliomshinda. Tulikwenda hospitali siku ya Alhamisi, mimi, bibi na yule mama jirani. Daktari, kijana mpole, alitazama la kushoto akatikisa kichwa. La kulia alilitazama kwa muda mrefu, akaomba maji ya uvuguvugu, akafanya kazi yake. Iliyotoka ilikuwa nta iliyoganda kwa miaka. Alitueleza kwamba sikio lenyewe pia limepungua nguvu na halitarudi kama la ujanani, lakini sasa angalau njia iko wazi.

Tukatoka nje kwenye ukumbi wa kusubiria. Nikainama kama nilivyozoea siku zile, nikamuuliza kwa kelele kama angependa chai kabla ya kurudi.

"Punguza sauti," bibi aliniambia. "Watu wanatutazama."

Yule mama jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka bibi aone.

Kesho yake nilipeleka kurasa zangu ofisini. Msimamizi wangu alizisoma zote, miwani iko kwenye ncha ya pua. Alirekebisha alama moja ya mkato. Kisha akachukua karatasi, akaandika barua palepale kwa mkono, akaniambia nikaichape. Haikuwa ndefu. Alitaja kazi nilizofanya, kisha mwishoni akaandika: "Akirudishwa kurekebisha kazi yake, hununa siku mbili, halafu huenda."

"Mama, hii ya kununa nayo niichape?"

"Chapa kama ilivyo. Nilikuona ulivyotoka hapa."

Niliichapa kama ilivyo, nikaipeleka chuoni siku moja kabla ya kufungwa.

Nilipopata nafasi chuoni, nilimwambia mama yangu jikoni, akikoroga mboga.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza.

"Wa kwanza."

"Na ile miaka yote ya stashahada?"

"Ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuingia. Lakini naanza mwaka wa kwanza, na waliotoka kidato cha sita."

Aliendelea kukoroga. "Basi mtoto atakuwa anashinda kwangu mchana," alisema. "Usije ukaniambia hukusoma kwa sababu ya mtoto."

Darasani wenzangu wengi wana miaka ishirini. Wiki ya kwanza walisimama nilipoingia wakidhani mimi ni mhadhiri. Wengine wananiita mama, wengine dada, nami naitika yote. Somo lililokaribia kunirudisha nyumbani ni takwimu. Mara ya mwisho kushika hesabu za aina ile nilikuwa sekondari, na jaribio la kwanza nilipata alama ambayo niliificha hata kwa binti yangu. Msichana mmoja kutoka Igunga, mtoto wa wafugaji, alinikuta nimekaa peke yangu na ile karatasi. Hakunipa pole. Alivuta kiti akaniuliza swali gani lilinishinda, nikamwambia yote. Tukaanza na la kwanza.

Tulikutana kila Jumanne na Ijumaa baada ya vipindi. Yeye alinifundisha hesabu. Mimi nilimfundisha kuingia nyumba ya watu, jinsi ya kusubiri, wapi pa kukaa, lini daftari lisitoke kabisa kwenye mkoba. Alikuwa anaogopa mazoezi ya vitendo kama nilivyoogopa takwimu. Siku moja alinisindikiza kumtembelea mzee mmoja ninayemfuatilia, akasalimia vizuri, akakaa, akamwacha mzee aseme. Tulipotoka aliniuliza kama amekosea popote. Nikamwambia alipokosea, maana palikuwepo, na akaandika.

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka mwezi uliopita. Takwimu nimefaulu, kwa alama za kawaida tu, lakini nimefaulu. Nilipompigia simu yule msichana kumwambia, alikuwa porini kwao na ng'ombe, mtandao unakatika. Ilibidi niseme mara tatu. Ya tatu alinipata, akaniambia nianze kupitia sura mbili za mwanzo za takwimu ya pili, kwa sababu akirudi hatupumziki. Masomo yanaanza Jumatatu. Kitabu nimekiazima jana, na sura ya kwanza nimeisoma mara mbili. Nusu yake nimeielewa.