Timu ya shule yetu ilikuwa inafungwa kwa sababu ya pilau iliyoisha harusini

Wakuu, poleni na majukumu. Wale mliopo kwenye foleni ya Tegeta saa hizi, poleni mara mbili.

Nina kisa cha kazini kimenikaa kifuani tangu mwaka jana. Kwa kuwa humu hakuna anayeijua sura yangu, nakileta kama kilivyotokea. Chumvi sijaongeza. Nilichobadilisha ni majina tu, maana Bagamoyo ni ndogo na habari za humu zinafika kule kabla ya basi.

Nitangulize kabisa: mimi ni Ke, nina mume, na PM nimeifunga.

Ni mwalimu wa Jiografia. Nyumbani ni Njombe, ajira ndiyo iliyonishusha huku kwenye joto, shule moja ya kata ya kutwa nje kidogo ya mji.

Timu nilipewaje? Siku ya kikao cha kugawa majukumu nilikuwa kliniki na mtoto. Wenye kazi za kikao mnajua, asiyekuwepo ndiye anapewa kilichokataliwa na wote. Niliporudi kesho yake nikakuta mimi ndiye mwalimu wa michezo. Aliyekuwa na nafasi hiyo kabla yangu alikuwa amehamishwa, na wenzangu wa staff room wanasema aliondoka anapiga mluzi.

Wakuu, mpira nilikuwa siujui. Nilijua golini kuna mmoja anaruhusiwa kudaka, basi. Hiyo offside nimeelezwa na watu watano tofauti, na kila mmoja alikuwa na yake.

Sasa hali ya timu yenyewe.

Kidato cha nne walikuwa wanakaribia kumaliza shule bila kuona hata siku moja shule yao imeshinda. Mechi ya mwisho kabla yangu walifungwa tisa bila na shule moja ya upande wa Vigwaza. Goli la tisa alilifunga beki wetu mwenyewe, na mashuhuda wanasema alishangilia kidogo.

Mkuu wetu wa shule ni mtu wa kilimo. Wewe ukitazama ule uwanja unaona uwanja, yeye anaona mananasi. Aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, akaniambia amevumilia vya kutosha. Muhula ukiisha timu haijashinda hata mechi moja, trekta linaingia.

Nikajitetea kwamba watoto wanahitaji michezo, mitaala inasema hivi na vile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema kwa upole kabisa, "nanasi halijawahi kufungwa tisa."

Nilitoka.

Mngedhani ningefurahi kuondolewa mzigo. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini kuna vijana pale mpira ndio unaowatoa kitandani. Wakija kucheza jioni, inabidi wapite darasani asubuhi. Ukiwanyang'anya ule uwanja, mwezi haupiti utaambiwa fulani yuko baharini na baba yake, fulani anachoma mkaa. Nimeshaona madawati yakibaki wazi namna hiyo, na yakishabaki wazi hayarudishi mtu.

Basi jioni ya kwanza nikaenda na filimbi, nikakaa juu ya tofali nikatazama.

Kwa kuwa sijui mpira, sikutazama mpira. Nilitazama watoto, kama ninavyowatazama darasani. Na nikaona kitu cha ajabu. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, tumwite Rajabu, mrefu, ana mbio kama amefukuzwa na nyuki. Alisimama mbele ya goli peke yake, mikono kiunoni, dakika zinaenda, hakuna anayempa mpira. Upande wa pili kuna mwingine, tumwite Athumani, huyo mpira ukimfika anawazungusha watu mpaka wanakaa chini. Lakini akishawakalisha, akiinua macho akamwona Rajabu, anaupiga nje.

Makusudi kabisa, wakuu. Nje.

Nikapiga filimbi. Nikauliza kwa nini Rajabu hapewi mpira. Kila mtu akaanza kufunga kamba za viatu, hata waliokuwa peku.

Ikabidi nimvizie golikipa wetu, Joseph. Huyu ni mtoto wa nesi aliyehamia kutoka Singida, kwa hiyo hana ukoo pale wala upande. Nikamwuliza hawa wenzako wana nini.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Madam, pilau iliisha."

Nilidhani ana njaa. Kumbe hapo ndipo nilipoambiwa ukweli wote.

Shule yetu inapokea watoto wa vitongoji viwili. Chini huku ufukweni ni watoto wa wavuvi, huko juu kuelekea Makurunge ni watoto wa wakulima. Tuwaite Pwani na Juu ili nisiwachanganye. Kumbe miaka minne nyuma dada yake Athumani wa Pwani aliolewa na mjomba wake Rajabu wa Juu. Harusi ikafanyika Pwani, kwa kina bibi harusi. Msafara wa Juu ukachelewa, na ulipofika sufuria zilikuwa zimeshalia, pilau imeisha. Wakapewa ukoko na soda ya moto.

Tangu siku hiyo Juu na Pwani hawaazimani hata kiberiti. Bwana na bibi harusi wenyewe wanaishi raha mustarehe na wana mtoto. Ila kwenye timu ya shule mtoto wa Pwani hampasii wa Juu, na wa Juu hampasii wa Pwani. Tulikuwa tunaingiza uwanjani timu mbili zenye jezi moja, halafu tunashangaa kufungwa tisa.

Nikajifanya mjanja. Nikatunga sheria kwamba mazoezini goli halihesabiwi mpaka mpira utoke kwa mtu wa Pwani uende kwa mtu wa Juu, au kinyume chake. Wiki nzima tukacheza bila goli hata moja. Wakati huo huo naona mkuu wa shule anapita pembeni na kamba, anapima.

Nikaona hili si la watoto. Hili lina wakubwa wake.

Mpishi wa ile harusi alikuwa Bi. Zuhura, shangazi yake Athumani. Shughuli yoyote ya Pwani, sufuria liko mikononi mwake. Nikaenda kwake na kilo ya sukari, nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikakaa mkekani. Niliuliza habari za nyumbani, za watoto, za kuku, mpaka nikaishiwa. Ndipo nikagusia harusi, kwa mbali.

Wakuu, yule mama aliweka kikombe chini. Alinieleza kwa sauti ya chini tu kwamba waalikwa walikuwa watu wa nyumba mbili, wakaja kitongoji kizima na wapita njia. Kwamba miaka yote hiyo ya kupika hajawahi kuaibika, na sasa akipita sokoni anaona watu wanaacha kuongea. Akasema hajalala vizuri tangu siku ile. Nilikuwa nimekwenda nikiwa na kicheko mdomoni, kikanikauka.

Kesho yake nikapanda Juu kwa babu yake Rajabu, Mzee Kibwana, aliyeongoza ule msafara. Naye nikamwamkia, nikakaa, nikauliza habari za mihogo. Huyu hakusubiri niguse.

"Mimi sikwenda kula, mwalimu. Nilikwenda kuozesha," akasema. "Lakini ukoko? Mtu mzima kama mimi, mbele ya wakwe, ukoko?"

Hapo nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui nilikitoa wapi. Nilimwambia nimepanga mechi na wale wa Vigwaza waliotufunga tisa, na kwamba Bi. Zuhura ndiye atakayepikia wageni. Uongo, bado nilikuwa sijamwomba. Nikaongeza kwamba nina wasiwasi, mchele usije ukapungua.

Mzee Kibwana akamwita mtu, akaamuru itolewe gunia zima la mchele wake mwenyewe wa shambani. Asije Zuhura akasema mchele ulikuwa mdogo, mzee akanung'unika.

Nikarudi Pwani na gunia nyuma ya bodaboda. Bi. Zuhura alipojua limetoka kwa nani, alilitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Nikamwomba apikie timu mbili na wazazi watakaokuja. Akauliza watu wangapi. Nikamtajia. Akasema atapika kwa idadi hiyo mara mbili, na nyama itatoka kwake.

Mnaona hapo? Hakuna aliyesamehe mtu. Ni mashindano tu yalikuwa yamehama.

Siku ya mechi, Jumamosi, watu walijaa, Pwani upande mmoja wa uwanja, Juu upande wa pili, kama wako kwenye nchi mbili. Mpango wangu ulikuwa mechi kwanza, chakula baadaye. Lakini wageni walichelewa sana. Fuso lao liliharibika njiani, wakafika mchana jua kali, midomo imewapauka.

Bi. Zuhura akanijia pale pale. Akaniambia wale watoto wametoka kwao alfajiri, hawajatia kitu tumboni. Wakianguka uwanjani watu watasema Zuhura kanyima wageni tena. Hakuna mpira mpaka wale.

Nikamtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule alikuwa ameshanawa.

Wageni wakawekwa kwenye mikeka. Kwa kuwa sisi ni wenyeji, vijana wetu ndio waliohudumia. Nilimpa Athumani birika la kunawisha nikamwambia Rajabu ashike beseni, nikaondoka haraka wasipate muda wa kukataa. Halafu masinia. Sinia la pilau ya watu sita halibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo Pwani anashika huku, Juu anashika kule, na huwezi kubeba sinia na mtu bila kumwambia "polepole" au "geuka huku". Ndiyo maneno ya kwanza niliyowasikia wakiambiana.

Bi. Zuhura alisimama juu ya wale wageni na upawa. Sahani ikipungua, anajaza. Mtoto akisema ameshiba, anamwuliza kama chakula hakikumpendeza. Kocha wao, mwalimu mmoja mnene mcheshi, alikula mpaka akalegeza mkanda, na akaongezewa.

Vijana wetu walipotaka kukaa na wao wale, mwamuzi akasema muda umekwisha, ana mechi nyingine jioni.

Kwa hiyo wakuu, tuliingia uwanjani sisi tuna njaa na wao wamejaa. Naapa haikuwa mbinu. Ilikuwa ukarimu.

Wageni walicheza kama watu wanaotembea ndani ya maji. Beki wao mmoja aliinama kufunga kamba, akakaa huko huko chini. Pamoja na hayo walitufunga wao kwanza, maana uwezo ni uwezo. Tukarudisha kwa kona iliyompiga mtu wetu mgongoni ikaingia.

Kipindi cha pili, karibu na mwisho, Athumani akachukua mpira pembeni. Akapita wa kwanza, akapita wa pili, akainua macho. Mbele ya goli, peke yake, Rajabu.

Nilisikia mbuzi analia mbali huko. Mimi nisiyejua mpira nilikuwa nimesimama, filimbi nimeing'ata.

Athumani akampa.

Rajabu alishtuka kuliko beki. Aliusimamisha mpira akautazama, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwishasahau. Golikipa wao naye tumbo lilimchelewesha. Rajabu akapiga, nyavu zikacheza.

Mbili moja.

Watu wa Juu wakaingia uwanjani, watu wa Pwani wakaingia uwanjani, na katikati hapakuwa na mahali pa kukwepana. Ndipo chakula cha wenyeji kikatolewa. Bi. Zuhura alimpelekea Mzee Kibwana sahani kwa mkono wake mwenyewe, nyama juu. Mzee akala taratibu. Alipomaliza, mama akauliza kama imetosha.

"Bado," akasema mzee.

Mama akaenda kumwongezea. Nilimwona anafuta macho na ncha ya kanga, nikajifanya natazama moshi.

Mkuu wa shule alihamishia mananasi nyuma ya maabara. Ni mtu wa ahadi.

Sasa msidhani tulichukua kombe. Mashindano ya wilaya yalipofika tulitolewa mechi ya kwanza kabisa, tatu bila, na wapinzani ambao hawakula kwetu. Tukarudi kwenye gari, vumbi, kila mtu kavimba. Halafu wakaanza kulaumiana. Rajabu anamwambia Joseph angetoka golini. Athumani anamwambia Rajabu kwamba amekosa goli la wazi. Beki wa Juu anamtetea Athumani dhidi ya beki mwenzake wa Juu. Kelele tupu mpaka tunaingia mjini, dereva akaniomba niwanyamazishe.

Sikuwanyamazisha. Niligeuza uso dirishani nikacheka peke yangu, maana njia nzima hakuna hata mmoja aliyetaja kitongoji cha mtu.

Nilichojifunza ni kidogo. Timu inaweza kuumwa mahali ambapo hapana mpira kabisa, na ukiwa hujui kitu kama mimi, uliza swali la kijinga mapema kabla watu hawajakuzoea.

Haya, uwanja ni wenu. Makocha wa humu, ile siku wageni walipochelewa ningeiendesha vipi? Na kama kuna mtu wa Vigwaza anasoma, naomba aseme ukweli mbele ya wote: pilau ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri?